Wimbo Ambao Sikuufuta

Kalemie, tarehe 4 Machi 2024

Papa mupendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Magoti yanasemaje na hii mvua? Au bado unaikataa fimbo ili wazee wenzako wa Kongolo wakuone kijana?

Sisi wazima. Hénoc anaendesha moto yake, ile pikipiki ya kubeba watu, toka bandarini mupaka sokoni, anarudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Mujukuu wako Syntiche ana wiki saba. Analia kama tarumbeta. Nakuandikia kwa mukono mumoja, ule mwingine umemubeba, kwa hiyo samehe mwandiko.

Papa, tumechagua Jumapili ya tarehe 26 mwezi wa tano kumuleta mutoto mbele ya Bwana. Desturi yetu unaijua: babu njo yeye anayemubeba mutoto mupaka mbele ya kanisa, anamuimbia wimbo wake wa kwanza bila ngoma, kisha Pasta anaomba. Babu alinibeba mimi. Nataka wewe umubebe Syntiche. Sioni muntu mwingine.

Sasa kuna neno ambalo afazali ulisikie kwangu kuliko kwa wasafiri. Kwaya ya wamama imenisimamisha. Nilikuwa ninafua nguo za mutoto uani, telefone inaimba kwenye dirisha, Mama Émérence, mukubwa wa kwaya, akaingia bila kupiga hodi. Ulikuwa wimbo wa dunia, si wa kanisa, wa mwanamuke mumoja wa Uvira. Ni wimbo wa giza, sitakuficha. Akaniambia, «Ufute sasa hivi, mbele yangu.» Nikasema, «Mama, huu sitaufuta.» Na tangu siku ile siimbi.

Niambie tu kwamba utakuja.

Mutoto wako,
Evodie


Kongolo, tarehe 19 Machi 2024

Evodie, mama yangu,

Amani ya Bwana. Barua yako imenifikia kwa mikono ya Valère wa treni, pamoja na ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa. Ndakala nimekula kwa furaha. Barua imenikaa kooni.

Magoti yangu ni mazima, usiyaingize katika mambo haya.

Nimeongoza kwaya miaka thelathini na mbili. Nilikuwa na kijana mumoja wa sauti ya chini, Jean-Marie, sauti kama pipa. Alianza kusikiliza zile nyimbo zinazosifu kaburi. Mwaka haujaisha, akaacha kula, akasema kufa ni kupumzika. Tulikaa naye wiki tatu kwa zamu, muchana na usiku, mupaka akarudi kula. Kwa hiyo sikatazi kwa kupenda kukataza. Niliona.

Na wewe una mutoto anayenyonya! Anakunywa maziwa yako na wimbo huo kwa pamoja.

Ufute, nitakuja. Usipoufuta, Hénoc atafute babu mwingine. Siwezi kumuimbia mutoto wimbo wa uzima nikijua kwamba nyumbani anangojewa na wimbo wa kifo.

Nakutumia unga na maharagi. Kula vizuri. Na hilo jina mulilomupatia mutoto bado linanishinda kutamka, lakini ninajifunza.

Papa yako,
Kalenga


Kalemie, tarehe 2 Aprili 2024

Papa yangu,

Nakuamkia kwa heshima yote. Unga umefika, asante sana, maharagi pia. Hénoc anakula bukari ya unga wa Kongolo na kusema ya Kalemie ni matope, sasa nani atamuvumilia?

Papa, nilipoisoma barua yako nililia, nikamuogesha mutoto, nikaisoma tena. Sasa nijibu.

Mutoto alipozaliwa, watu wote walifurahi, walileta vitenge, walicheza uani. Mimi nilikuwa ndani kama chungu kitupu. Nilimutazama mutoto kama mutoto wa jirani. Wamama walisema, «Shukuru Mungu,» na mimi nikashukuru kwa mudomo. Sikuweza kulia, sikuweza kuomba. Ni nani ningemuambia? Wewe ungeruka kwenye treni, Hénoc angeogopa. Siku moja wimbo ule ukapita kwenye radio ya jirani. Yule mwanamuke alisema kitu changu. Papa, nilikaa chini karibu na beseni nikalia mupaka sabuni ikakauka mikononi. Halafu nikasikia njaa. Nikala. Halafu nikaomba, mara ya kwanza tangu materniti. Mutoto akanitazama, na alikuwa wangu.

Juu ya Jean-Marie: nyimbo njo zilimuleta pale, ao zilimukuta tayari yuko pale? Na aliponyeshwa na nini, si na watu waliokaa naye? Huu wimbo ulikaa na mimi.

Usifikiri ninapokea kila wimbo. Hénoc alikuwa na wimbo wa vijana fulani wanaojisifu kuua na kutukana wanawake. Ngoma yake tamu kabisa. Nilimuambia, «Huo hauingii hapa, hata kwenye mufuko wako.» Akasema, «Lakini bibi, mimi nasikia ngoma tu!» Nikamuambia akasikie ngoma barabarani. Aliufuta. Kipimo changu ni kimoja: nikimaliza kusikia, naweza kuomba, ao siwezi?

Na sasa kitu kingine, kaa chini kwanza. Unakumbuka ule wimbo wa Kilingala tulioingia nao kwenye sale ya sherehe siku ya ndoa? Ule uliocheza mbele yetu na kitambaa cheupe, ukaomba waurudishe mara tatu? Aristote, mudogo wa Hénoc, amerudi toka Kinshasa, ametutafsiria. Papa, ni muntu aliyelishwa sumu na marafiki. Anaaga watoto wake. Mwishoni anachagua musumari wa sanduku lake. Na sisi, «Rudisha! Rudisha!»

Tena sauti ya wimbo ule, bila maneno yake, njo Mama Émérence aliichukua kutungia wimbo wa wamama wa kuingia kanisani. Kila Jumapili tunaingia na marehemu.

Wimbo ninaoufahamu neno kwa neno ndio unaowaogopesha watu. Ule tusioufahamu tuliuchezea.

Sitaufuta, Papa. Na bado nakungojea tarehe 26.

Mutoto wako asiyekuzarau,
Evodie


Kalemie, tarehe 22 Aprili 2024

Papa,

Salamu. Valère amepita bila kitu. Nilimuuliza mara mbili, akafungua begi lake lote nione.

Umegonjwa? Ao umekasirika? Ukiwa umekasirika, andika kwamba umekasirika, nitajua angalau mukono wako unafanya kazi. Syntiche ameanza kucheka. Anacheka hasa Hénoc akianguka.

Evodie wako


Kongolo, tarehe 30 Aprili 2024

Evodie, mama,

Bwana akulinde. Mimi muzima. Nilikasirika siku tisa. Siku ya kumi nilikwenda kwa mwalimu mumoja aliyesomea Kinshasa, nikamuimbia ule wimbo wa ndoa yako, ile sehemu ninayoijua, nikamuuliza maana. Akaniomba niurudie. Nikaurudia, na mabega nikatikisa kidogo, wimbo ule hauimbwi ukisimama kama muti. Akaniambia, «Papa Kalenga, sasa hivi umetikisa mabega pale anapotapika damu.»

Jumapili tulikuwa kwenye maombi ya toba, kimya kabisa. Nikakiona kitambaa changu cheupe katika mawazo. Cheko ikanitoka puani. Nilitoka inje nikijifanya nakohoa, na mashemasi wawili wakanifuata na maji.

Hii haina maana kwamba umenishinda. Aliyefanya kosa bila kujua si sawa na anayejua.

Ila nimefikiria juu ya kile chungu kitupu. Kwa nini hukuniambia? Ningeruka kwenye treni, ndiyo. Papa anafaa kwa nini kingine?

Niandikie maneno ya wimbo wako. Yote, usitengeneze. Telefone sitaki. Karatasi.

Papa yako


Kalemie, tarehe 8 Mei 2024

Papa yangu,

Nakusalimu, na mbavu zangu bado zinaniuma kwa kucheka. Hénoc ameisoma barua yako mbele ya wamotari wote wa bandarini. Sasa ukifika watakutikisia mabega.

Niliogopa kukuambia kwa sababu Mama alipokufa wewe hukulia. Uliongoza kwaya mupaka makaburini. Nilifikiri katika nyumba yetu njo tunafanya hivyo.

Maneno haya hapa. Sikutengeneza kitu:

«Giza, umenikula na viatu vyangu.
Nagonga mulango wa Mungu, najibiwa na mulango.
Nilikuwa na sauti, nimeiweka wapi?
Kama uko ndani, usifungue bado.
Niache kwanza nigonge.»

Wimbo unaishia pale. Jua halichomozi.

Mama Émérence alikuja tena. Alisema anataka kuyaona maneno, ayachunguze. Aliyachunguza akiyanakili kwenye kitabu chake, kila mustari, kisha akasema bado ni mabaya. Lakini alimubeba mutoto saa nzima nikalala. Kwaya bado sijarudishwa.

Zimebaki Jumapili mbili. Pasta anauliza nani atamubeba mutoto. Nimemuambia, «Papa yangu.» Ameandika.

Evodie


Nyunzu, tarehe 23 Mei 2024

Evodie, mama yangu,

Salamu za haraka. Muti mukubwa umeangukia reli kwa mvua, treni imesimama hapa tangu jana. Wanaume wanakata. Motari mumoja anaenda Kalemie, namupatia karatasi hii.

Maneno yako niliyasoma nyuma ya nyumba, pale Mama yako alipokuwa anapanda mihogo ya sombe. Siku ya kumuzika niliimba kwa sababu ningenyamaza tu, ningeanguka. Nimekuwa ninaimba hivyo miaka sita. Pale kwenye ule mustari wa kugonga, niliweka karatasi chini nikalia, Evodie, jirani akaja akifikiri kuna musiba. Nikamuambia, «Upo, lakini ni wa zamani.» Akakaa na mimi.

Kanisani nitamuimbia mutoto wimbo wa babu yako, hapo sibadiliki. Wimbo wako ni wa uani, karibu na beseni. Lakini usiufute.

Sasa kuna shida. Nina maneno tu, sauti yake siijui. Kwa hiyo nimeipatia yangu. Jana watu walichoka kungoja, watoto wanalia, nikaimba polepole kwa ajili yangu mwenyewe. Mama mumoja toka Kabalo akashika sauti ya pili. Leo asubuhi gari letu lote la treni linaimba kwa sauti nne, na wakata muti wanapiga shoka kwa mupigo wetu. Sina hakika kama yule dada wa Uvira angeujua wimbo wake.

Muti ukichelewa nitapanda moto, magoti yapende, yasipende. Asimubebe muntu mwingine. Wangoje.

Babu wa Syntiche (nimelijua jina),
Kalenga


Kalemie, tarehe 24 Mei 2024

Papa,

Motari wako yuko mulangoni, amekataa hata kuzima moto yake, anarudi Nyunzu sasa hivi. Salamu kwa magoti.

Pasta amesema watangoja hata ibada ikifika saa tisa. Mama Émérence amesikia habari ya treni, akauliza sauti nne zile mumezipangaje, na ile ya tatu inaingia wapi. Nimemuambia akuulize wewe. Ameshona hata kitenge cha siku ile.

Yule mama wa Kabalo mwenye sauti ya pili, kama anafika Kalemie, muje naye. Kama wote wanafika, muje wote. Bukari nitapika.

Mutoto wako,
Evodie