Mchezo wa Nyasi

Kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani, kwako wewe, kwa wifi yangu na kwa mwanao. Naomba ziwakute wote wazima, na kile kikohozi cha wifi kiwe kimeshamwachia. Mimi mwili haujambo. Baba naye anakula, analala, anagombana na redio yake kama kawaida, na ukimwona barabarani utasema mzee huyu bado yupo yupo sana. Habari za afya yake naomba niziache hapo kwanza. Nitazirudia.

Barua yako imefika. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikaisokomeza ndani ya droo ya cherehani, maana ningeendelea kuishika ningeitia moto. Umeniandikia maneno makali, kaka. Umesema domo langu limeua mtu. Umesema tangu utotoni mimi ni wa kupiga kelele kwanza na kufikiri baadaye, na kwamba ningenyamaza pale kwenye kiti cha mbele, mkata nyasi wa uwanja wa ndege angekuwa hai leo. Sikukujibu upesi kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira zangu unazijua. Sasa nakujibu. Soma mpaka mwisho, usiruke mistari kama ulivyozoea.

Ulipoondoka, Kiherehere alikuwa mifupa tu ya mbao na mabomba, amening'inizwa kwenye dari la karakana. Baadaye akawa ndege kamili: mabawa mawili juu, mawili chini, viti viwili vya kufuatana, abiria mbele na rubani nyuma. Baba alichomelea mabomba, mimi nikashona kitambaa cha mabawa, sindano ndefu inaingia juu inatokea chini, fundo kwa fundo, kila ubavu wa mbao. Vidole viliota sugu ambazo hata kazi yangu ya kushona viti vya magari haijawahi kunipa. Jina alilipata siku ya kwanza Baba aliposhika fimbo ya kumwongozea. Ukiwaza tu kugeuka, yeye ameshageuka.

Huko juu Baba ni mtu mwingine. Anaipindua ndege mpaka ardhi inakuwa juu ya kichwa chako, unaning'inia kwenye mikanda kama nguo kwenye kamba, vumbi lote la sakafuni linakuingia puani, naye huko nyuma anaimba, tena anaimba vibaya. Mara ya kwanza nilitapika. Mara ya pili nilimwita kila jina baya ninalolijua. Baada ya hapo nikawa mimi ndiye ninayemwomba arudie. Hewani sikuwahi kumwogopa hata kidogo, na wewe ungekuwapo ungejivunia.

Shida ya ndege hii ni kutua. Inakuja mkia chini, pua juu, na ikikaribia ardhi ile pua ya injini inaziba kila kitu mbele. Rubani haioni njia. Anashuka ubavu ubavu ili achungulie uwanja, kisha mwishoni anainyoosha, na kuanzia hapo anachokiona ni nyasi tu, za kushoto na za kulia, kwa pembe za macho. Nyasi zikiwa sawa pande zote, uko katikati. Za upande mmoja zikisogea, unakanyaga pedeli ya upande wa pili, kidogo tu, upesi. Ukichelewa, mkia unataka kuja mbele na ndege inazunguka kama mlevi.

Ndipo Baba akaanzisha mchezo. Mama alikuwa ameshafariki, na Baba akasema ukimya unamchosha, kwa hiyo tunapotua niwe namsomea nyasi kwenye hedifoni. Kanuni yake ilikuwa rahisi: nataja upande ambao nyasi zimesogea karibu. Nikisema kulia, nyasi za kulia zimekaribia, naye anakanyaga kushoto. Nikisema kushoto, anakanyaga kulia. Zikiwa sawa nasema sawa, sawa, sawa, mpaka magurudumu yaguse. Kaka, nilifurahi mno. Nilidhani mzee anataka kusikia sauti yangu. Nilijigamba hata kwa wateja wangu, eti mimi na baba yangu tunatua pamoja.

Yule mkata nyasi tulimwita Kocha, kwa sababu kila ndege iliyotua aliipa maksi kwa vidole. Alikuwa mchoyo wa maksi, mshenzi yule, Mungu amrehemu. Baba hakuwahi kuvuka saba, na alikuwa akinuna njia nzima kurudi nyumbani.

Siku ile upepo ulikuwa wa kawaida tu, usimsikilize mtu. Kocha alisikia injini, akaisogeza mashine yake pembeni, upande wa kushoto, akaizima, akasimama kututazama. Tuligusa vizuri. Sawa, sawa, sawa. Kisha Kiherehere akaanza kuvuta kushoto, nami nikaona tunamwendea Kocha pale aliposimama. Kwa mchezo wetu nilitakiwa kusema kushoto. Lakini hizo hazikuwa nyasi tena, alikuwa mtu ninayemjua, na kofia yake ya bluu, na kinywa changu kikatamka neno ambalo kinywa chochote kingelitamka: kulia! Nilimaanisha aende kulia. Nikalirudia kwa nguvu zangu zote. Baba akalielewa kama alivyonifundisha mwenyewe, akakanyaga kushoto, kwa nguvu zake zote naye.

Bawa la chini ndilo lililompata. Hapo sitaandika zaidi.

Baba aliwaambia wakaguzi wa ajali za ndege kwamba upepo ulipiga ghafla, nami nikapiga kelele nikamshtua. Ndivyo alivyokuambia hata wewe. Mchezo hakuutaja. Nami nilinyamaza, maana neno lilikuwa langu, na nilikuwa nalisikia kila nikifumba macho. Kwenye mazishi mke wa Kocha alinishika mikono akaniambia nisijitese, upepo hauna mwenyewe. Nilitamani anitemee mate.

Sasa fikiri, kaka. Wewe umeuliza kwa nini nilipiga kelele. Wakaguzi wameuliza kwa nini nilipiga kelele. Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza jambo lililo wazi kabisa: rubani mwenye macho mawili, mchana kweupe, mtu amesimama kushoto na kofia ya bluu, alihitaji neno langu la nini?

Hata mimi sikuuliza. Nilikuja kujua siku tulipoanza kulivisha upya bawa lililovunjika. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda pembeni yake, nashona, karibu kiasi kwamba nilisikia anavyopumua. Mara akaelekea mlangoni na kupaza sauti, ananiita, mbona nachelewa, kazi haijishoni. Nilidhani ananitania. Nikainua mkono karibu na sikio lake, nikautikisa. Hakujua. Niliiweka sindano chini, kaka, nikamwuliza ni tangu lini.

Hakukasirika. Alikaa juu ya boksi la vifaa akasema ni tangu Mama alipokuwa anaumwa. Hospitali ya macho ilimwambia ni presha ya macho, na ugonjwa huo huanza kula pembeni. Yale matone aliyotuambia ni ya vumbi, ndiyo dawa yake. Mbele anaona vizuri. Gazeti anasoma, watu anawatambua, na daktari wa marubani akimpima anazitaja herufi zote za ukutani, kwa sababu herufi zinatundikwa mbele. Na mbele ya Kiherehere, wakati wa kutua, hakuna kitu ila pua.

Kumbe hakuwa anataka sauti yangu. Alikuwa ameazima macho yangu bila kuniambia. Ningejua, ningelishika lile neno kwa meno. La, nasema uongo. Ningejua, tusingepaa kabisa, na Kocha angekuwa anatubania maksi mpaka leo. Nilimwambia hivyo, nikalia, naye akalia. Kisha akaniomba nimfichie kidogo tu. Ana safari moja aliyobakiza, akasema, ya kumrusha mjukuu wake, akishairuka hiyo ataacha, akaapa kwa kaburi la Mama. Na mimi, kaka, nisikudanganye, nilikaribia kukubali. Ni baba yangu.

Halafu ikaja barua yako. Baada ya kumaliza kunitukana ukageuka mcheshi, ukaniandikia kwamba mwanao anatembea kwenye korido ameinua mikono, anapiga kelele kushoto, kulia, sawa, sawa, eti babu yake anamfundisha mchezo kila wanapopigiana simu, na likizo hii unamleta akauchezee angani. Umeandika kwamba mnacheka sana hapo kwenu.

Mtoto asije. Ukimpakia mtoto yule kwenye kiti cha mbele utakuwa umempa kazi iliyonishinda mimi mtu mzima, na mimi angalau nilikuwa nimeshaizoea.

Najua Baba atakupigia, atacheka, atasema dada mtu amechanganyikiwa tangu msiba. Kwa hiyo nakueleza nilichofanya, usije ukakisikia kwa mwingine. Asubuhi hii, alipokwenda kununua rangi, nilichukua mkasi wangu wa kazi nikaingia karakana. Nimeyachana mabawa yote manne, juu na chini, toka mwilini mpaka nchani, mishono yangu mwenyewe. Nililia mwanzo mpaka mwisho lakini sikuacha kukata. Kesho nakwenda kwa mke wa Kocha, kisha kwa wakaguzi, na nitasema yote, pamoja na neno langu.

Nilipomaliza kuyachana, nikamsubiri Baba. Nilijiandaa kwa matusi, nilijiandaa hata kwa kibao. Amerudi, kaka. Amepita katikati ya mabawa, vitambaa vinaning'inia kulia kwake na kushoto kwake mpaka sakafuni, kimoja kimemgusa bega naye akakisukuma tu kama pazia. Amekwenda moja kwa moja hadi kwenye injini, akaweka makopo chini, akaniambia nimeshona vizuri sana safari hii, kesho tuanze kupaka rangi.

Sijamwambia. Niko hapa mlangoni nakuandikia, naye anaifuta injini kwa tambara, mgongo amenipa.

Nisalimie wifi, mpakate mwanao kwa niaba ya shangazi yake. Na njoo wewe, peke yako, upesi, kwa maana mimi simwezi tena.

Ni mimi mdogo wako,
Mshona viti