Wavu Usiosubiri Mikono

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepunguza vurugu zake na jogoo wa jirani hajakutoa roho kwa kelele. Mimi ni mzima wa mwili na wa akili, ingawa najua hilo la pili unalitilia shaka.

Ujumbe wako kaka alinifikishia, kwa sauti ya hakimu. Kwamba niache kazi ya karakana, nirudi nyumbani nishone mapazia, maana bahari imeshamla baba na haijashiba. Nimesikia, mama. Sirudi. Nakwambia mapema ili usome yaliyobaki bila kungoja niombe radhi.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, maana kaka huwaambia watu nashona vyandarua. Tumetengeneza wavu unaoning'inia chini ya helikopta, wa kuokota vitu vinavyoelea baharini: mapipa, maboya, masanduku yaliyoanguka kutoka melini. Shida ni upepo. Helikopta ikishuka, mapanga yake yanapuliza maji, na kile unachokifuata kinakukimbia kama kuku aliyeona wageni wamefika. Kwa hiyo mdomo wa wavu tumeutia bomba la chuma, na ukingo wa chini tumeufunga vipande vya risasi, yale madini mazito, ili uzame. Unashushwa kando, helikopta inasogea taratibu, wavu unapita chini ya kitu na kukizoa, kisha maji yanachuja. Niliyeufuma ni mimi.

Karakanani tuna desturi: aliyefuma wavu ndiye anayening'inizwa ndani yake kwanza, kwenye winchi ya uani, ile mashine ya kuinulia mizigo, wenzake wakimtania. Ukiliogopa fundo lako mwenyewe, nani ataliamini? Lakini safari hii msimamizi wetu alikataa. Tunamwita Bwana Pole, kwa sababu kila jibu lake huanza na neno hilo. Alisema pole, huu ni wa mizigo tu, utajaribiwa baharini kwa pipa, na kibandiko chake kitasema si wa watu. Nikamuuliza mtu anayeelea ana tofauti gani na pipa. Akanijibu kwamba mtu hushushiwa kamba, akajishikilia mwenyewe.

Hapo, mama, nilishikwa na hasira. Baba alishushiwa kamba. Unakumbuka waokoaji walivyokuja kutueleza, wamesimama sebuleni na kofia mikononi, hakuna aliyetaka kukaa. Walimkuta hai, anawatazama. Kamba ilimfikia kifuani. Ila alikuwa amekaa majini mno, vidole vimekufa ganzi, akashindwa kuishika. Walisema walifanya kila walichoweza, na mimi nawaamini. Hawakuwa na kitu zaidi ya kamba.

Nilimwambia Bwana Pole mbele ya wote, "Desturi ni desturi. Huu wavu hautoki hapa mpaka mimi niingie, na nitaingilia baharini."

Alinisihi, akatishia kunifukuza. Nikamwambia anifukuze nikishalowa. Rubani, mwanamama asiyependa maneno mengi, akasema yeye yuko tayari nikiwa tayari. Mwishowe Bwana Pole alisema pole, akaenda mwenyewe kunitafutia jaketi la kuokolea.

Sasa kaa kwanza, mama. Jana asubuhi niliingia baharini. Ndiyo, mimi, uliyenikataza hata kukanyaga povu. Nililala chali juu ya maji, na mikono niliomba nifungwe kiunoni, nisije nikashika kitu kwa woga. Upepo ulinisukuma, maji yakaniingia puani. Niliogopa sana, sikufichi. Kisha nikahisi chuma kikipita chini ya mgongo, na nyuzi nilizozifuma mwenyewe zikanikusanya. Nikainuliwa juu, nalia kwa sauti, wala hakuna aliyenisikia kwa ule mngurumo.

Nilipotua, Bwana Pole alinifungua mikono bila kusema pole. Kile kibandiko amekibandua.

Najua utasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Miguu yangu yote mizima. Nitaileta mwisho wa mwezi uikague, halafu itarudi karakanani. Ukitaka kunichapa, nichape. Mapazia sishoni.

Nisalimie kaka, mwambie si vyandarua. Na ukipita kwenye picha ya baba pale sebuleni, mwambie binti yake ameokotwa baharini, na hakushika kitu. Hata uzi mmoja.

Ni mimi mkaidi wako,
Mfuma nyavu