Jina la Kupe

Jumanne, Manyamanyama

Kupe. Jina pekee ninalolijua ni hilo, na binti wa chama cha kabaddi, ule mchezo wetu wa kukamatana, anasema halitoshi.

Anaandika historia ya timu ya taifa ya wanaume. Picha yetu ya kwanza anayo, tumesimama wachezaji saba. Majina kamili ya sita nimempa. Wa saba tulikuwaga tunamwita Kupe, kwa sababu akishakamata mguu wa mpinzani hang'oki. Jina lake sikuwahi kumuuliza. Nani angeuliza kambini?

Leo nimepanda bodaboda mpaka Nyamuswa kwa Marwa, aliyekuwa nahodha wetu. Nimemkuta anaogesha ng'ombe. Akaikodolea macho nakala ya picha niliyopewa na binti, halafu akacheka.

"Kupe huyu!"

"Jina lake, Marwa."

"Kupe, bwana. Kwani alikuwa na lingine?"

Nikamkasirikia bure. Kama mimi mwenyewe...

Namba yake ya simu hatuna. Kwao hatukujui. Labda hata hayupo tena.

Jioni binti akapiga. "Mzee, nimeandika sita. Bila jina siwezi kumweka."

Nikamwambia kabaddi inachezwa na watu saba.

"Pole, mzee," akasema.

Kwenye ulinzi tulikuwa tunashikana mikono. Kupe alikaa kushoto kwangu miaka yote. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda, kilikuwa kinanichoma kiganjani. Mkono ule ningeutambua hata nikifungwa kitambaa machoni. Mwenye mkono ni nani, sijui.