Kufuli la Kabati la Dawa

Maili Moja,
Kibaha.
14 Juni, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Eugenia,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia pamoja na barua. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba huko Shinyanga mmevuna japo kidogo. Mimi ni mzima, ila shinikizo la damu halijashuka.

Umeniuliza mara mbili kuhusu mwanao Tito, nami nimekawia kujibu. Bado anatumia heroini. Sitakudanganya.

Mwezi uliopita alizidiwa na dawa hizo akiwa Kisarawe. Wenzake walimbeba hadi zahanati, pumzi ikikatika. Ipo sindano iitwayo naloksoni, ambayo humrudishia pumzi mtu aliyefikia hali hiyo. Ilikuwa kabatini, chini ya kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa Dar es Salaam kikazi. Muuguzi mmoja, Aneth, alivunja kufuli kwa jiwe. Ndiyo maana Tito yu hai. Aneth alipewa barua ya onyo.

Wiki iliyopita niliitwa kuwafundisha wauguzi tisa wa huko namna ya kupunguza madhara: mraibu apewe sindano safi, asitukanwe, na naloksoni ikae mahali pa wazi. Waliandika yote. Kisha Aneth akasimama.

“Mwalimu, chuoni ulinipa sifuri kwa kuacha kabati wazi. Leo unataka tuache wazi?”

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

“Mimi sivunji tena, Mwalimu. Nina watoto.”

Ni kweli, Eugenia. Kanuni hiyo niliifundisha mimi, miaka thelathini na mmoja, na sikuwahi kutaja dawa isiyopaswa kufungiwa. Nilipokuwa nikiondoka nililitazama kabati. Lina kufuli jipya, kubwa kuliko lile la kwanza. Naloksoni imo ndani.

Nilimsihi Tito walau asitumie akiwa peke yake. Alinicheka. “Niwe na wenzangu, niwe peke yangu, ufunguo si uko Dar, mjomba?” Hajarudi hapa nyumbani kwangu tangu Jumapili.

Usifunge safari. Hakuna utakalolifanya hapa ambalo sijalifanya.

Nisalimie shemeji Magembe, na umwambie asimlaani kijana. Wasalimie pia Juliana na mama mdogo Recho. Mungu awajalie usingizi, mimi ameninyima.

Nimeweka vichupa viwili vya naloksoni na mabomba yake ya sindano juu ya meza ya chakula, kando ya chumvi. Mlango wa mbele sifungi tena.

Wako akupendaye,
kaka yako,
Silvanus Kashindye.