Pua Yangu Imefunguka Beni

Beni, Jumamosi, siku ya posho, mwezi wa saba. Joto, mawingu mepesi, na ndani yangu furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Nimeshinda.

Naliandika neno hilo kwanza kwa sababu tangu mchana natamani kulitangaza barabarani, mais hapa niko mgeni, watu wangenishangaa. Acha nieleze polepole.

Kazi yangu ni kuonja kahawa. Wakulima wakileta kahawa yao kwenye dépôt, ghala yetu ya Butembo, tunaikaanga kidogo, tunaisaga, tunaimwagia maji ya moto. Halafu mimi na wenzangu tunainamia vikombe, tunanusa, tunavuta kijiko kimoja kwa kelele, tunatema. Tukisema ni safi, inapata mnunuzi mzuri. Tukisema ina harufu ya gunia, mkulima anarudi nyumbani na huzuni. Watu hudhani ni kazi ya ulimi. Ni kazi ya pua.

Na pua yangu, kila kiangazi, inanikimbia.

Mvua ikikatika, barabara za Butembo zinageuka unga mwekundu. Mavumbi yanaingia kwenye sahani, kwenye mashuka, ndani ya macho. Kwangu inaanza na chafya, chafya juu ya chafya, macho yananiwasha, kisha pua inafunga kabisa kama duka siku ya ville morte, mji mzima ukigoma. Kiangazi kilichopita niliwekewa kikombe cha kahawa iliyochacha, nikaisifu mbele ya wote. Papa Kasereka, mkubwa wetu, hakunigombeza. Alinipeleka kwa wamama wanaochagua punje, nikae huko mpaka mvua irudi. Upole wake uliniuma kuliko matusi.

Mwaka huu aliniita mapema, kwa jina langu, Masika.

"Masika, mwezi ya saba tunaenda Beni. Batatupima na mtihani, batachagua mutu wa kubakia kule, chef wa baonjaji. Minaweka jina yako. Mais pua ikikatala tena, sitakuwa na maneno ya kukutetea."

Nilianza kwa muganga, daktari wa centre de santé. Akasema haya si mafua, ni allergie: mavumbi, maua, mambo ya kiangazi. Alinipa vidonge. Chafya ilipungua, lakini usingizi! Siku moja nilisinzia juu ya kikombe, kidogo tu paji la uso liingie kwenye kahawa. Nikarudi kwake. Akaniambia nivimeze jioni, nivae cache-nez ya kufunika pua nikitoka, na nisafishe pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa.

Halafu Tantine Kavira, dada ya baba yangu, akanisikia nikipiga chafya katikati ya misa. Baada ya baraka ya mwisho alinishika mkono, tukaenda moja kwa moja kwake Bulengera.

Tantine anaamini vitu viwili hapa duniani: rozari na asali. Asali yake inatoka Kamango, ndani ya bidon ya njano. Haijapikwa, haijachujwa. Vipande vya nta vinaelea juu, na mara nyingine bawa la nyuki. Alinifundisha: asubuhi kijiko cha asali kwenye maji ya uvuguvugu, pamoja na ndimu na tangawizi iliyopondwa. "Hapana maji ya kuchemka, utaiua!" Jioni, majani ya eucalyptus kwenye sufuria, najifunika kitenge, navuta mvuke mpaka jasho linatiririka kidevuni.

Mwanzoni hakuna kitu. Nilikunywa kwa hasira, nikavuta mvuke kwa hasira. Nilikuwa karibu kuacha.

Kisha asubuhi moja nafagia uani, nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikainua kichwa. Haikuwa kwetu.

"Mama Gloire! Maharagi yako!"

Jirani yangu alikimbia jikoni akiacha kiatu kimoja nyuma. Sufuria iliokoka. Mimi nilibaki nimeshika ufagio, machozi yananitoka, na safari hii hayakuwa ya mavumbi.

Mais kazini kikatokea kitu ambacho sikukitazamia. Kahawa zote zilikuwa na harufu ya eucalyptus! Dawa ilikuwa imekaa puani na kwenye nguo zangu, tangawizi ilikuwa imekaa ulimini. Ili nionje, ilibidi niiache kabla ya safari. Nilimpigia Tantine simu.

"Uache namna gani? Sasa ndo inakusaidia!"

"Tantine, ikibakia ndani ya pua, sitasikia kahawa."

Kisha akacheka. "Donc imefungua mulango, na sasa imesimama mulangoni. Basi, acha. Mungu atachunga."

Njia ya kuja Beni ni mavumbi matupu. Nilivaa cache-nez, juu yake nikazungusha kitenge, yakabaki macho. Dereva akauliza kama ninaenda kurina asali. Taxi nzima ikacheka. Kwenye barrière ya barabarani askari aliniamuru nifunue uso. Nikafunua, nikapiga chafya palepale. Akaruka nyuma. "Funika, mama, funika!"

Na leo, mtihani.

Vikombe vinapangwa vitatu vitatu: viwili ni kahawa moja, kimoja ni tofauti. Wewe unatafuta hicho kimoja. Asubuhi nilisafisha pua kwa maji ya chumvi, basi. Hata sabuni ya harufu sikugusa. Nikainama.

Na kahawa ikasema nami. Ganda la chungwa. Sukari inayoanza kuungua. Ua fulani jeupe. Nilitembea kutoka kikombe hadi kikombe kama mtu anayesalimia ndugu zake.

Kundi la mwisho lilikuwa gumu. Wenzangu wote walichagua kikombe cha kushoto. Mimi nilisikia, kwa mbali sana, gunia lililolowa katika kile cha katikati.

"Una hakika?" aliuliza Papa Kasereka.

"Niko na hakika, Papa."

Vikombe vikapinduliwa. Kile tofauti kina alama chini yake. Alama ilikuwa katikati.

"Masika!" Papa Kasereka alipiga makofi kama mtu wa mpira. "Pua iko mu nyumba!"

Sijui ni nini hasa kilichonisaidia: asali, mvuke, chumvi, vidonge vya jioni, au kitenge changu. Muganga amesema asali yeye hawezi kuiapia. Na Mama Gloire aliponiomba kidogo kwa mtoto wake mchanga nilikataa, maana muganga alinionya kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali. Mimi nasimulia yaliyonipata, siuzi dawa.

Nimempigia Tantine. Alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Kisha akauliza, "Na ile kahawa ilikuwa tamu?" Nikamwambia tunaitema. Amehuzunika kweli.

Donc nabakia Beni, mimi chef wa waonjaji. Kesho, Jumapili, siku ya yenga, nitakwenda misa, nitatafuta chumba cha kupanga. Siku ya kwanza ya kazi, asubuhi, waonjaji wa hapa watainua vichwa kutoka kwenye vikombe na kuniangalia mimi kabla ya kusema neno.

Waniangalie.