Kiatu cha Kidoti bwawani

Mwenzangu, nilichoona kwanza ni kiatu. Kiatu kimoja cha Kidoti kinaelea bwawani.

Leo ilikuwa siku ya familia kwenye ile bustani ya zamani wanayoifungua msimu wa maua. Watoto wanatafuta vipepeo vya karatasi vilivyofichwa vichakani. Mama kakaa kwenye benchi, kaniambia, "Mwangalie mdogo wako." Niligeuka kidogo tu kumpa Mama maji. Kurudisha macho, Kidoti hayupo.

Ndipo nikakiona kile kiatu.

Nikapiga kelele. Mimi, ambaye hata kumuuliza mtu saa naona haya. "Mwanangu! Mwanangu yuko majini!"

Nimesema mwanangu. Bustani nzima imesikia.

Mtunza bustani akajitosa na nguo zake, akapapasa weee, hakuna mtoto. Kumbe Kidoti yuko nyuma ya kichaka, mguu mmoja peku. "Dada, unalia nini? Nimempiga bata kwa kiatu."

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, akawaambia, "Huyu ni dada yake. Anampenda mpaka anachanganyikiwa."

Tulipofika mlangoni kwetu, Mama akaninong'oneza, "Ukirudia tena, utamwambia mwenyewe baba yake ni nani."

Nimejifungia chooni. Kidoti anagonga, anataka nimsuke.

Mwenzangu, ule mwaka nilipoacha shule mliambiwa naumwa, nimepelekwa kwa shangazi. Sikuwa naumwa. Kidoti nimemzaa mimi.