Gunia la Uzi Mwekundu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Esnah Nyakerario Omosa
Umri: Miaka 58
Kazi: Mkulima wa majani chai; pia huuza ndizi
Makao: Karibu na soko la Kebirigo, Kaunti ya Nyamira
Yameandikwa kituoni Jumatatu, tarehe 27 Oktoba 2025, saa nane na dakika kumi mchana.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Ni mjane na naishi peke yangu. Mwanangu Nyangau yuko Nairobi, mwaka wa tatu sasa anatafuta kazi. Nimekuja bila kuitwa, kwa sababu ya Hodan Issack, mwenye duka la jumla pale sokoni. Mmemzuilia tangu jana kwa madai kwamba alificha mbolea ya serikali. Hakuificha. Ile mbolea ni yetu.

Mnamo Ijumaa tarehe 24, lori la mbolea ya ruzuku lilifika sokoni saa kumi na mbili jioni. Tulikuwa tumelingoja tangu asubuhi. Sisi ni Wasabato. Jua la Ijumaa likishazama Sabato imeingia, hatubebi mzigo, wala hatumlipi mtu wa bodaboda atubebee. Kwa hiyo mimi, Orpah, Mong'ina na Mokeira, wote wa kanisa moja, tuliweka magunia yetu manne katika stoo ya Hodan ili tuyachukue Jumapili. Si mara ya kwanza. Hata ndizi zangu zisipoisha Ijumaa hulala kwake, naye akienda swala ya adhuhuri mimi humkalia mlangoni. Gunia langu nililifunga uzi mwekundu mdomoni, kama nifungavyo mifuko yangu ya majani nikipeleka kupimwa, yasichanganywe na ya watu.

Jumapili tarehe 26, saa nane mchana, tulienda kuyachukua. Tukakuta mkutano wa Obadiah Onyiego, anayetaka ubunge. Alikuwa amesimama juu ya gari. Akauliza, "Bonasi ya mwaka huu ilikuwa bonasi ama matusi?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Yangu ya majani chai haikutosha kuezeka hata jiko. Kisha akasema shida yetu ina majina, na si majina ya Kigusii. Akanyoosha kidole kwenye duka la Hodan. Akasema wageni wanaficha mbolea ili mashamba yetu yafe, wayanunue.

Afisa, mimi si mjinga. Najua bei ya majani haipangwi na mwuza sukari. Tena Hodan alizaliwa Kisii mjini, ugeni wake ni upi? Lakini lile jibu lilikuwa jepesi, na mimi nilikuwa nimechoka kukosa jibu. Mfa maji haachi kutapatapa. Onyiego alituambia tushikane mikono tuiinue juu. Orpah akanishika mmoja, mzee nisiyemjua akanishika wa pili. Tangu tumzike mume wangu mwaka 2019, sijashikwa mkono namna hiyo. Nilifurahi. Nilipiga kelele pamoja nao. Andika hivyo hivyo.

Saa nane na dakika arobaini, watu kama sitini walienda dukani, nasi tukiwafuata. Hodan alifungua stoo mwenyewe ili mlango usivunjwe. Walitoa magunia manne, wakayapanga barabarani, wakayapiga picha kwa simu. La tatu lilikuwa na uzi mwekundu. Hodan alinitafuta kwa macho mpaka akaniona. Akasema, "Mama Nyangau, si uwaambie ni yenu?"

Watu waligeuka kunitazama. Orpah alinibana mkono. Mimi nilitazama viatu vyangu, nikasema, "Mimi sijui."

Hodan hakunitaja tena, ingawa angeweza. Baada ya hapo unga na sukari vilibebwa, na jiwe likampata begani. Sikuona aliyelitupa. Polisi walifika saa tisa na robo wakaondoka naye.

Leo asubuhi nilipita kwa wenzangu watatu ili tuje pamoja. Mokeira hakufungua mlango, na moshi ulikuwa unatoka jikoni kwake. Mong'ina alisema mbolea nyingine itakuja mwaka ujao. Orpah aliniuliza, "Esnah, ukitusaliti, nani atakuzika?" Nikaja kwa miguu.

Sina zaidi. Nimesomewa niliyosema na nimesikia kuwa ndivyo. Gunia ni langu, na maneno haya ni yangu.

Sahihi: E. N. Omosa

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, akayakubali na kutia sahihi mbele yangu. Nimekagua magunia manne tuliyoyahifadhi. Moja lina uzi mwekundu mdomoni. Wanawake watatu waliotajwa wamepigiwa simu. Kila mmoja amesema hana gunia. Hodan Issack ameachiliwa saa kumi na moja jioni. Alipita mbele ya shahidi aliyekuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi, akaenda zake. Kwa sababu ya usalama nilimwuliza shahidi ni nani atakayemsindikiza nyumbani. Alijibu kwamba zamani angemtaja Hodan.

Konstebo Geoffrey Barasa